Insha Iliyoniua

Msambweni,
Januari 1999

Kwa Mwanatumu, binti aliyenizika nikiwa hai na akapata alama ishirini na sita katika thelathini kwa kazi hiyo.

Alama hizo nilikupa mimi. Ulistahili zaidi, lakini mwandiko wako ulilala mwishoni kama mtu aliyechoka, na mimi sijawahi kumpendelea mtu darasani kwangu, sembuse mtoto niliyemzaa.

Sasa hivi uko kwa shangazi yako Biasha unawaaga binamu zako, na kicheko chako nakisikia mpaka hapa jikoni. Mambo ya sabuni, godoro, na kufua nguo zako za ndani mwenyewe, Biasha amekwisha kukueleza tangu juzi kwa sauti ya kusikika msikitini, nami sina la kuongeza. Lipo jambo moja tu ambalo wewe na mimi hatujalisema kwa vinywa vyetu hata siku moja, ingawa watu wa nchi za mbali wamelisoma na kulia. Nalisema kwa kalamu kwa sababu kwa mdomo nitakukaripia, nawe utanijibu, nami nitakuchapa, kisha kesho utaondoka tumenuniana. Soma mpaka mwisho. Najua tabia yako ya kuruka kurasa.

Ulipoingia darasa la sita, mwalimu wa darasa nilikuwa mimi. Siku ya kwanza ulinyoosha mkono ukasema, "Mama, naomba kwenda nje." Darasa zima likacheka. Nikakuita mbele, nikakuchapa kiganjani, nikakwambia, "Hapa hapana mama yako. Mama yako umemwacha nyumbani." Uliumia, lakini hukulia, nami nikajisifu kwamba nimezaa mtoto shupavu. Walimu wote wenye watoto shuleni hufanya hivyo. Mwalimu asiyeanza na fimbo kwa mwanawe hana uso wa kuwachapa wa wenzake, na wazazi wa hapa hawakawii kusema. Ndivyo nilivyowakuta wakubwa wangu wakifanya, nami nikafuata.

Walichosahau kunifundisha ni namna ya kumrudisha huyo mama nyumbani jioni. Nilikuwa nafika na mkoba wa daftari, chaki ingali kwenye kucha, nakaa hapahapa jikoni nasahihisha. Siku moja ukaniambia, "Mwalimu, chakula ki tayari." Sikukurekebisha. Nilidhani ni adabu. Baba yako alikuwa amekwenda Tanga ungali unanyonya na hajaonekana mpaka leo, kwa hivyo katika nyumba hii kulikuwa na mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, na ukimya mzuri wa kusahihishia kazi.

Halafu akaja Bi Renate na ukurasa wake.

Wakati ule hoteli za Diani zilikuwa zimepoa kwa ajili ya vurugu za Likoni. Watalii walikuwa wamekimbia, na mvua za Elnino zikafuata kuwatisha waliokuwa wamebaki. Yeye hakukimbia. Alikuwa mwalimu kwao Ujerumani, na mwalimu akikosa la kufanya hutafuta shule, kwa hivyo akaja yetu na miavuli miwili. Akanieleza kwamba kwao wanafunzi wake wana ukurasa kwenye intaneti. Kila mmoja huandika habari za siku yake, watu popote walipo husoma, na chini yake huacha neno. Akataka na darasa langu la saba liwe na wake. Ninyi muandike, mimi nipeleke hotelini, karani achape kwenye kompyuta ya ofisi na kumtumia, yeye kule aziweke ukurasani. Na mimi mwalimu, akasema, niwe na pembe yangu ya kuandika kila juma, habari za mwalimu wa pwani.

Shule yetu haikuwa na umeme wala vioo vya madirisha, nami nikaambiwa nitasomwa Ujerumani. Nilikubali kabla hajamaliza chai yake.

Karani alikuwa Kioko, yule kijana wa bara mwenye tai fupi. Kila Jumamosi nilimpelekea kazi zenu, naye alinipa majibu yaliyokuja, yamechapwa kwenye karatasi nyeupe nzuri kuliko karatasi yoyote mliyowahi kushika. Jumatatu niliyabandika ukutani kwa gundi ya unga wa ngano, nanyi mkasukumana kuyasoma. Mwanzoni mliandika vitu vya kweli. Salimu, mwana wa mkwezi wa hotelini, aliandika jinsi babake anavyopanda minazi ya bustanini kuangua nazi zisije zikawaangukia wageni vichwani, na jinsi anavyojua kwa kugonga ganda ipi itaanguka leo na ipi juma lijalo. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote za muhula ule. Haikupata jibu hata moja.

Juma lilelile msichana mmoja wa dawati la nyuma aliandika kwamba maji ya mvua yaliingia ndani kwao, unga ukalowa, na wakalala na njaa. Ilikuwa kweli, nami nilijua. Majibu yake yalijaa ukuta kutoka mlangoni hadi dirishani, na baadaye kikaja kifurushi cha kalamu za rangi chenye jina lake. Salimu alisimama mbele ya ukuta ule muda mrefu, mikono nyuma. Watoto si wajinga. Mlielewa somo lile upesi kuliko nilivyowahi kuwafundisha hesabu za sehemu.

Mvua zilipokatika, darasa langu lilikuwa na vifo vingi kuliko hospitali. Nilikuwa nikiamkiana njiani na watu wazima wenye afya zao ambao usiku wake nilikuwa nimewasoma wakikata roho. Mjomba wa mtu aliliwa na papa, na huyo mjomba alikuwa mshona viatu asiyejua hata kuogelea. Nyanya wa mwingine alikufa mara mbili. Nilicheka peke yangu, nikasahihisha Kiingereza chenu, nikapeleka. Nilijua ni uongo, Mwanatumu. Niliupeleka kwa sababu kadiri mlivyozidi kufa ndivyo mimi nilivyozidi kusifiwa. Chini ya ile pembe yangu watu waliandika kwamba mimi ni mwalimu jasiri, kwamba nawabeba mayatima wa pwani mgongoni mwangu. Nilizisoma sifa zile mpaka karatasi zikachakaa kwenye mikunjo. Kupenda kusifiwa umerithi kwangu, kwa hivyo usijidai hukuelewa.

Kisha ukaleta yako.

Uliiweka katikati ya rundo ili nisiifikie upesi. Uliandika kwamba mama yako alikufa kwa homa. Kwamba Alhamisi jioni alikuwa akikuketisha mkekani katikati ya magoti yake, anakupaka mafuta ya nazi, anakusuka mistari, na akifika nyuma ya sikio anapunguza mkono kwa sababu anajua panakuuma. Kwamba alikuwa na wimbo wa kijinga juu ya kuku aliyekataa kutaga, na kila juma alimzidishia yule kuku visa vipya. Kwamba tangu afe unasukwa na watu wengine, nao wanavuta.

Nilisoma nikijiuliza ni nani huyu mwanamke mzuri hivi. Halafu nikamkumbuka yule kuku. Nilikuwa nimemsahau kabisa.

Sasa nikwambie nilichofanya, maana hili hulijui. Mama mwingine angeliacha kalamu akaja chumbani kwako. Ulikuwa hatua chache tu kutoka hapa nilipokaa, na hukuwa umelala, nilisikia kitanda. Mimi niliisoma tena mara ya pili nikitafuta makosa. Niliyapata, nikayazungushia duara jekundu, nikafurahi kuyapata. Kisha nikaona kwamba mwisho wako haukuwa na nguvu. Uliishia kwa kusema, "Sasa ninaishi na mwalimu." Nikaikata sentensi hiyo. Nikaandika yangu mahali pake, kwamba mama yako aliomba maji usiku ule, nawe ukaenda na ndoo kisimani, na uliporudi alikuwa hayupo tena. Hakuna ndoo, hakuna kisima, maji ya bomba yako nje ya mlango. Lakini ndiyo sentensi iliyowaliza watu wote, na ulipoiona imebandikwa ukutani ulinigeukia ukanitazama, nami nikakwambia urudi kwenye dawati lako. Wewe uliniua, mwanangu, lakini mazishi niliyapanga mimi, na niliyapanga vizuri kuliko wewe.

Kioko alipomaliza kuichapa alivua miwani. "Madam, hii ya leo ni noma," aliniambia. "Yaani mimi mwenyewe nimelia, na huyo mama hata simjui."

"Wewe chapa tu," nikamwambia. Nilikuwa nimesimama mbele yake, nimevaa buibui langu lilelile la kila Jumamosi.

Majibu yalikuja mpaka ukuta ukakosa nafasi. Mtu mmoja aliniuliza mimi mwalimu kama nilimjua marehemu. Nikamjibu kwamba nilimjua sana, alikuwa mwanamke mkali, lakini akimpenda binti yake kuliko macho yake. Usicheke. Nilijisemea vizuri kwa sababu sikuona ni nani mwingine angenisemea.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yetu imefika mpaka shule ya bweni.

Mwaka jana Bi Renate alirudi pamoja na wenzake wa chama chao, waliokuwa wamechanga karo ya mwanafunzi mmoja, yatima, mpaka amalize kidato cha nne. Kulikuwa na majina mawili mezani kwao, lako na la Salimu. Maana Salimu naye, baada ya kuona nazi zake hazina msomaji, alikuwa amemwangusha babake kutoka kwenye mnazi mrefu kuliko yote, akavunjika shingo, akazikwa siku hiyohiyo. Aliiandika vizuri, mpaka mlio wa ganda la nazi likigonga chini uliusikia.

Hayo unayajua nusu, nami nataka uyajue yote. Mgeni mmoja mrefu alikuwa akitembea bustanini hotelini na karatasi ya Salimu mkononi. Akamwuliza Kioko ni mnazi gani uliomwua yule baba. Kioko, aliyezoea kuchapa bila kufikiri, akaonyesha mnazi wowote. Na Baba Salimu alikuwa juu yake. Aliposikia wanamtaja yeye na kifo chake, akateremka na panga kiunoni. Mgeni akarudi nyuma. "Huyo mimi," Baba Salimu akasema. "Nimekufa lini?"

Asubuhi yake alikuja shuleni. Usimfanye mtu mwema katika kichwa chako. Alikuwa ananuka pombe ya mnazi, usiku alikuwa amempiga Salimu mpaka jicho likafunga, na hasira yake haikuwa ya ukweli, ilikuwa ya hofu, kwa kuwa huku kwetu ukimtangaza mtu kufa unayaita mauti. Alisimama katikati ya ofisi ya walimu, wageni wameketi, chai imemiminwa, nawe umesimama mlangoni na sahani ya mahamri uliyotumwa kuleta. Hakumwamkia mtu.

"Mwalimu," akaniambia, "mimi ni mzima. Nifute huko mulikonizika."

Nikamwambia atulie, litatengenezwa.

Akanitazama, kisha akakutazama wewe na sahani yako, kisha akanirudia mimi. Sauti yake ikashuka. "Na wewe je, Mwalimu? Wewe u mzima?"

Bi Renate hakukijua Kiswahili zaidi ya jambo na asante. Akaniuliza, "Anasema nini?"

Mwanatumu, walimu wenzangu walikuwa pale, wameinamisha vichwa vikombeni. Kila mmoja wao alikuwa amekula kwenye harusi yangu. Ilikuwa ni kusema neno moja tu. Ningesema, mimi ndiye mama yake, na ningekuwa hai, nawe ungekuwa huku unasubiri kuolewa na muuza samaki. Nilimgeukia Bi Renate nikamwambia, "Anauliza kama naendelea vizuri."

"Mwambie unaendelea vizuri sana," Bi Renate akasema, akacheka.

Nikamwambia Baba Salimu, "Naendelea vizuri sana." Akatema mate nje ya dirisha akaenda zake. Wewe uliweka mahamri mezani, ukaniangalia mara moja, ukaenda kusimama karibu na kiti cha Bi Renate, naye akakushika mkono. Ulijua ulipaswa kusimama wapi. Nilijivunia, nikawasogezea wageni mahamri.

Ulipotoka wakaniuliza. Hili ndilo hulijui kabisa, na ndilo lililonikalisha hapa. Yule mrefu aliuliza kama kuna mwanafunzi mwingine yeyote aliyedanganya, maana kama ni desturi ya darasa wangeelewa, watoto ni watoto, wangeanza upya kwa kuangalia mtihani tu. Alisema hivyo kwa upole kabisa. Wangeanza upya. Kwa mtihani tu Salimu angekushinda, nilijua, na matokeo yalipotoka kweli alikushinda.

Nikasema, "Ni huyo mmoja tu."

Wakaandika. Wakafuta jina la Salimu kama mwongo pekee wa shule, mtoto aliyefanya vile ambavyo wote mlifanya, na ambavyo mwalimu wenu alivisafisha Kiingereza na kuvipeleka mwenyewe hotelini. Mchana wakataka kuona kaburi la mama yako. Biasha alipiga kelele kwamba kwetu wanawake hawaendi makaburini, nami nikafasiri kwamba ana uchungu mwingi wa wifi yake. Tuliwapeleka hadi ukingoni mwa makaburi. Yetu hayaandikwi majina, na hilo likanisitiri. Nikaonyesha kaburi la mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, nikasema ndilo. Bi Renate akaweka maua ya hotelini. Wewe ukalia, na hayakuwa machozi ya kuigiza, nilikutazama vizuri. Mimi nilisimama pembeni na mkoba wangu nikishika mwavuli wa mgeni, mwalimu aliyesindikiza. Nilitamani kujua unamlilia nani, na nilikuwa mtu wa mwisho duniani mwenye haki ya kuuliza.

Salimu sasa anapasua kokoto kando ya barabara pale Kombani. Nilimkuta mwezi uliopita nikienda Kwale kwa mambo ya mshahara. Vumbi limemjaa kwenye nyusi, anaonekana mzee. Aliweka nyundo chini, akasimama wima kama darasani. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Mwanatumu anaenda lini?" Nikamwambia. "Mwambie asome," akasema, akaokota nyundo yake. Sijatukanwa vile tangu nizaliwe.

Babake alikataa kufa, na mwanawe anapasua mawe. Mimi nilikubali, na wewe unapanda gari la wageni. Nimeligeuza jambo hili kila upande nikitafuta upande ambao mimi ni mtu bora kuliko yule mlevi, na sijaupata. Wala sitakudanganya kwamba ningeweza kurudi nyuma ningefanya vingine. Kesho wakiniuliza tena, nitajibu vilevile. Ndiyo maana sikuombi unisamehe. Anayeomba asamehewe huwa ameacha.

Huko uendako Bi Renate anataka uendelee kuandika ukurasani kila mwezi, na shule yenyewe, wanasema, ina kompyuta yake. Watakupenda ukilia. Ukiandika kwamba umefurahi, umekula maharage, umefunga mabao kwenye netiboli, utapata ukuta mtupu kama wa Salimu na nazi zake. Sina uso wa kukwambia useme kweli. Nakwambia tu kwamba kila mtu utakayemwandika ana masikio na ana njia ya kufikiwa, hata kama yuko juu ya mnazi. Mimi nilidhani maneno yakishaingia kwenye ule waya yamekwenda Ulaya hayarudi. Yalirudi na watu wanne na maua.

Na kama utakuwa mwalimu, kwa sababu naona dalili, una sauti mbaya na huchoki kusahihisha wenzako, basi mtoto akikuletea kazi isome mara ya kwanza bila kalamu. Iweke mbali, chumba kingine kabisa. Mimi nililetewa kilio nikakirudisha na alama.

Mengine ni ya utaratibu, nayo usiyakosee. Panapoulizwa jina la mama, andika marehemu. Siku ya wazazi atakuja Biasha, atavaa vizuri, na atazungumza kupita kiasi, mvumilie. Usiniandikie barua, za bweni hufunguliwa na walimu, najua kwa kuwa mimi ningezifungua. Likizo utakuja kwa shangazi yako. Nyumba ni ileile, mlango ni uleule, lakini mbele ya watu unakuja kwa shangazi. Muhula wa kwanza mwalimu wa Kiswahili atawapa insha ya "Mama Yangu", hutoa hiyo kila mwaka, wavivu. Iandike. Usinifufue. Hata ukiwa na homa, hata wakikupenda, usinifufue mpaka umalize mtihani wa mwisho.

Kesho gari lao likifika nitakuwa nimesimama na walimu wenzangu pale ofisini. Utatupitia mmoja mmoja na mkono. Ukinifikia utasema, "Kwaheri, Mwalimu," nami nitasema, "Soma kwa bidii," na utapita kwa anayefuata. Msafiri wa kwetu haondoki bila radhi ya mamake, lakini ya kwako huwezi kuiomba mbele yao, na maiti haitoi radhi. Kwa hivyo nimelifikiria hilo.

Ile karatasi ya shule inasema kila msichana afike amenyolewa, nywele zisizidi ukucha. Biasha alitaka akupeleke kwa kinyozi leo, nikakataa, akadhani ni ubahili. Asubuhi kabla ya gari, baada ya sala, nitatandika mkeka ukumbini. Nina mkasi, nina mafuta ya nazi, nimeyapika mwenyewe leo mchana ulipokuwa huko unacheka. Njoo ukae katikati ya magoti yangu. Kwanza nitakusuka, mistari yote, mpaka nyuma ya sikio, na hapo nitapunguza mkono. Yule kuku nimemkumbuka visa vyake vingine. Halafu nitazikata.

Wakati wote huo niite unavyotaka. Radhi yangu utaipata hapo, unyweleni, na sitaitaja. Zikiisha, utasimama ujipanguse shingo, na mimi ni Mwalimu.